Wimbo wa Kifaransa Niliomzoesha Ng'ombe

Mimi mpaka leo nikisikia gitaa mahali, hata kama ni kwa redio ya jirani, kitu ya kwanza naangalia ni chini, nione miguu ya ng'ombe iko wapi. Chekeni tu. Huku kwetu Nyeri, Tetu yote ilicheka, na wale wa ng'ambo ya mto wakaongeza chumvi mpaka ikasemekana ati ng'ombe yangu alikuwa anaimba Kifaransa. Hakuimba. Mimi ndiye niliimba, mwanamke mzima na kitambaa cha wamama wa kanisa kichwani, bibi ya mzee wa kanisa, na ile aibu nilipata ningekuwa nimeshaisahau kama ingekuwa ni yangu peke yangu. Shida ni kwamba kuna mwingine aliumia siku hiyo, na yeye hakuwa amekosea mtu.

Ilikuwa ile miaka ya baada ya uhuru, wakati watu wazima walikuwa wanaambiwa kila mahali waende shule ya jioni, ile tunaita gumbaru, na mimi nikaenda. Nilikuwa nimepita miaka arobaini na sijui kusoma. Kanisani nilikuwa nashika kitabu ya nyimbo kama wengine, nafungua mahali popote, naimba yale yako kwa kichwa (siku moja nilikishika juu chini, na Mama Muthoni jirani yangu akanigeuzia polepole bila kusema neno, na huyo Mama Muthoni mtamsikia tena). Basi jioni tukitoka kuchuma majani chai tunaosha mikono, tunaingia ile chumba ya watoto wa nasari karibu na kanisa, tunakaa kwa viti fupi mpaka magoti yanagusa kidevu, na mwalimu wetu alikuwa msichana Mfaransa aliyekuja kujitolea, jina lake Solanji. Alikuwa rika moja na Wanjiru wangu, kifungua mimba, aliyekuwa ameolewa Kianyaga. Mwembamba, na sweta ya kijani ile ile kila siku. Kiswahili alijifunza kwa kitabu na ilikuwa safi kushinda yetu, kila saa tafadhali na samahani mpaka sisi wenyewe tunaona haya. Huyo msichana alinishika kidole akanipitisha juu ya herufi, jioni baada ya jioni, mpaka siku moja nikasoma zaburi kutoka juu mpaka chini, mimi mwenyewe, hakuna mtu ananisomea. Nililia pale kwa hicho kiti ya nasari. Na yeye akalia.

Sasa Solanji alikuwa na gitaa. Ijumaa tukimaliza kusoma alikuwa anatupigia, na wimbo ulikuwa mmoja tu, wa kwao, wa polepole kama mtu anabembeleza mtoto. Sisi hatukuwa tunasikia hata neno lakini hakuna mtu alikuwa anaondoka. Halafu wazee wa kanisa wakasikia habari. Nyinyi mnajua gitaa huku kwetu ilikuwa kitu ya mabaa ya Nyeri mjini, ya watu wa kulewa, na chumba ilikuwa ya kanisa, kwa hivyo wakamwambia kwa upole asiilete tena (bwana yangu alikuwa mmoja wao). Akasema samahani. Hakuileta tena, na wimbo ukaisha hapo.

Wakati wake wa kurudi kwao ulipokaribia, tukakaa sisi wamama wa gumbaru kusema tutampa nini. Kiondo, hiyo ilikuwa lazima. Leso, hiyo pia. Ndipo Mama Muthoni akasema, hivi vitu tunampa kila mgeni, huyu ametupa macho, mbona tusimwimbie ule wimbo wake, aondoke akijua kuna watu waliusikia. Kila mtu akasema ndiyo, ndiyo, hiyo ni nzuri. Halafu akauliza ni nani atajifunza, na wote wakaanza kuangalia sakafu kama wamepoteza sindano.

Nikasema, "Mimi."

Neno moja. Nilikuwa nafikiria ile zaburi. Sikufikiria kitu ingine.

Nikaenda kumwona kwa kile chumba alikuwa anakaa nyuma ya maduka. Nilipomwambia aliniangalia mpaka nikadhani Kiswahili yangu imeharibika. Halafu akatoa gitaa chini ya kitanda, imefungwa kwa shuka kama mtoto, akaniambia ilikuwa ya mama yake, na wimbo pia ulikuwa wa mama yake, na mama alifariki kabla yeye hajakuja huku. Akaiweka kwa mikono yangu. Nikamwambia mimi nitaitunza kama macho yangu. (Hayo ndiyo maneno nilisema, na mkitaka kujua ni nini inaniuma mpaka leo, ni hayo.)

Kuipeleka nyumbani ilikuwa kazi nyingine. Sikutaka bwana yangu ajue, kwa hivyo nikaifunga mgongoni na leso, nikafunika na shuka, nikapita na njia ya juu, na si nikakutana na mama mmoja wa kutoka kisimani, akasimama na mtungi wake, akaniangalia mgongo.

"Mama Wanjiru, kwani umepata mwingine?"

Nikamwambia ni wa kulea tu, amelala, nikapita haraka, na kichwa ya gitaa ikitokeza hapo kwa bega. Sijui alifikiria ni mtoto wa namna gani.

Kujifunza sasa. Wafaransa wanaandika herufi na hawazisemi, wacha niwaambie. Sisi tulikuwa tumefundishwa juzi tu kwamba kila herufi iko na sauti yake, na huyo huyo mwalimu aliyetufundisha anakuandikia neno refu kama mkia wa ng'ombe na ukifika mwisho anakwambia hizo tatu nyamaza. Nikamwambia afute, nitashika kwa masikio, vile nilishika nyimbo za kanisa maisha yangu yote. Na vidole vyangu ni vya jembe na majani chai, nyuzi nilikuwa sizisikii, nakandamiza mpaka Solanji anashika mdomo asicheke. Lakini mimi nikishika kitu siachi. Vidole vitatu hapa, viwili pale, rudi, tena.

Akanieleza wimbo unasema nini. Kuna mama ambaye mtoto wake alienda mbali, na huyo mama hafungi mlango wake komeo. Beti ya kwanza anafagia njia. Beti ya pili kuna mvua, majirani wanamwambia funga mlango mama, maji inaingia, anakataa. Beti ya tatu kuna baridi ya kwao, barafu kama ile iko juu ya Mlima Kenya, imefika mpaka mlangoni, na bado mlango uko wazi. Na beti ya nne? Akasema hiyo hataniambia maana yake mpaka nijue kuiimba. "Ya mwisho ndiyo wimbo wenyewe, mama," akasema. "Hizo tatu ni njia ya kufika." Nikamwambia sawa, tutafika.

Shida ilikuwa mahali pa kujaribia. Nyinyi wamama wenzangu niambieni, mtu mwenye watoto na bwana na majani chai na kanisa, saa yake ya peke yake ni ipi? Yangu ilikuwa moja tu, asubuhi mapema nikienda kukama. Bwana yangu alikuwa hakanyagi boma ya ng'ombe kabla ya chai. Kwa hivyo gitaa nikaificha kwa stoo ya majani, na asubuhi naingia na ndoo, naomba kwanza (naeleza Mungu hii ni ya kusindikiza mtu mwema, si ya baa), nampa Kairu nepia yake, yale majani marefu ya ng'ombe. Kairu ni ng'ombe yangu, yule wa gredi, wa mbegu ya kizungu, mweusi na madoadoa meupe, mpole lakini mwenye kichwa ngumu. Akianza kula mimi nakaa kwa kistuli napiga beti ya kwanza na gitaa. Halafu natundika gitaa kwa msumari, napaka mafuta kwa mikono, nakaa chini yake, naendelea kuimba nikikama. Beti ya pili, beti ya tatu. Na hapo beti ya tatu ikiisha ndoo imejaa, na majani chai inangoja.

Na kwa sababu roho yangu haikuwa imetulia kabisa juu ya wimbo wa dunia kuimbwa na mtu aliyeokoka, kila siku nikimaliza nilikuwa nafungia na wimbo wa kanisa, ule wa kushukuru tunaimba tukiachana. Kusawazisha. Nikianza huo wa kushukuru, nilikuwa namfungua Kairu miguu, anageuka anaenda kwa chumvi yake. Kila asubuhi hivyo hivyo, na jioni namwimbia chini chini bila gitaa. Shikeni hiyo, tutairudia.

Basi maziwa ikaongezeka. Kweli kabisa. Kairu alikuwa anaachilia yote mpaka ya mwisho, amefunga macho, na Baba Wanjiru akaanza kupeleka mtungi kwa mahali pa kupokea maziwa akiwa ameinua kifua. Alikuwa amepanda nepia mpya karibu na mto, akaamini ni hiyo. Akawaambia wanaume wote. Wengine walikuja kuomba miche na aliwapa kama askofu anabariki. Mimi nilikuwa namwangalia tu.

Halafu shangazi yangu akafariki Mukurweini, nikaenda matanga, nikalala huko. Nikirudi naambiwa Kairu ni mgonjwa. Binti yangu Nyokabi alimkama asubuhi akapata ya kikombe, akajaribu jioni, hakuna. Bwana yangu ameshamwangalia macho, ameshamwangalia ulimi, anataka kuita daktari wa mifugo. Nikawaambia ngojeni nimjaribu. Nikaingia bomani peke yangu, nikaimba chini chini, na maziwa ikashuka kama mfereji.

Hapo ndipo ningesimama. Nilielewa, sitawadanganya. Nilijua huyu ng'ombe sasa hakamwi na mikono, anakamwa na Kifaransa. Lakini ningesema nini? Nikatoka na ndoo, nikasema, "Alikuwa ananikosa tu," na Baba Wanjiru akafurahi, akasema wanyama wana upendo.

Na ile beti ya nne? Solanji aliniuliza mara nyingi. Nikawa namwambia wiki hii ni ya majani chai, wiki ijayo. Ukweli ni kwamba nilikuwa naijaribu kidogo kwake, lakini nikifika nyumbani wimbo wangu ulikuwa urefu wa ndoo. Nilijiambia nitaimaliza siku mbili za mwisho. Siku hizo mbili mvua ilinyesha, mtoto wa jirani akaungua na chai, na hivyo ndivyo zilienda.

Karamu ya kumuaga tuliifanyia kwangu, Jumamosi, kwa sababu kwa chumba ya kanisa gitaa haingeingia (na bwana yangu alikubali bila kujua kuna gitaa, alijua ni chakula, mukimo, na maombi). Viti tulivitoa kanisani. Wamama wa gumbaru wote, waume wao, mwenyekiti wa shule za jioni, majirani. Solanji alikuja amevaa nguo ya maua, bila ile sweta, na tukamfunga leso mabegani. Alikuwa anaangalia watu mmoja mmoja kama mtu anayekusanya sura za kwenda nazo.

Mnajua sherehe za kwetu. Maombi ya kufungua. Kila mtu ajulishwe. Aliyejulishwa naye ajulishe aliokuja nao. Mwenyekiti akasimama kusema neno moja fupi, na hilo neno likatoka uhuru likapita ukoloni likarudi mpaka kwa umuhimu wa choo. Jua ikaanza kushuka. Saa ya kukama ikafika, na nyuma ya nyumba Kairu akaanza kuita. Nikamwambia Mama Muthoni, wacha nikamkame haraka. Akaniangalia vile nimevaa, blauzi nyeupe, soksi, viatu vya Jumapili.

"Uingie kwa mavi hivyo halafu ukuje kumuaga mwalimu? Kaa. Huyu anamaliza sasa hivi."

Alikaa dakika nyingi kumaliza. Na nilipoitwa, Mama Muthoni akaleta gitaa kutoka jikoni kwake, mahali nilikuwa nimeihamishia asubuhi, akanipa mbele ya wote. Sikuangalia upande wa bwana yangu. Nilisikia tu kiti yake ikilia.

Nikakaa kwa kistuli. Nikamwangalia Solanji, alikuwa ameweka mikono miwili kwa magoti, amekaza macho. Nikapiga.

Na niwaambie, beti ya kwanza ilitoka. Ilitoka haraka kidogo kushinda ya kwao, ilikuwa na ule mwendo wa kukama, kushoto kulia, kushoto kulia, lakini ilitoka na maneno yote. Solanji akafungua mdomo kidogo. Nikaona midomo yake inaenda na yangu. Wamama wakanyamaza kabisa, na hapo kwa huo ukimya, nyuma ya nyumba, Kairu akajibu.

Watu wa nyuma wakacheka kidogo. Nikaingia beti ya pili. Kairu akaita tena, karibu kidogo, halafu tukasikia mti unavunjika, kraa, na nikajua ni ule wa kufungia mlango wa boma. Ningenyamaza wakati huo. Lakini Solanji bado alikuwa anaimba na mimi bila sauti, amefunga macho, na sikutaka kumtoa huko alikuwa.

Kairu alitokea kando ya jikoni. Akapita katikati ya migomba, akapita kati ya mwenyekiti na soda yake, hakuangalia mtu, akaja mpaka kwa kistuli yangu, akageuka akajipanga ubavu vile anajipanga kila asubuhi, akapanua miguu ya nyuma. Na maziwa ikaanza kudondoka yenyewe kwa nyasi, mbele ya watu wote, tii, tii, tii.

Mama Muthoni ndiye alisema. Hakutaka kusema vibaya, mdomo yake tu ndiyo imeumbwa hivyo. "Mama Wanjiru, mwenye wimbo amefika."

Haya. Mmeshawahi kusikia boma nzima ikicheka? Wanaume waliinama wakishika viti mbele yao. Mama mmoja alianguka na sahani. Mwenyekiti alikuwa anajifuta macho na tai. Mimi nikasimama, masikio yanawaka, nikataka kumshika Kairu kamba nimwondoe, na mkono mmoja uko na gitaa. Bomani ningeitundika kwa msumari. Hapo hakukuwa na msumari. Nikaiegemeza kwa kistuli, nikashika kamba.

Na wamama wenzangu, Mungu awabariki, wakaona nimeaibika, wakafanya vile sisi hufanya mtu akikwama mbele ya watu, wakamfunika na wimbo. Mmoja akaanzisha, wote wakaitikia kwa nguvu. Na wakachagua ule wa kushukuru. Ule wa kuachana.

Kairu akasikia wimbo wake wa kumaliza. Kwake kazi ilikuwa imekwisha. Akageuka, kama kila asubuhi, kwenda kwa chumvi.

Sauti ya gitaa haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu amekanyaga kikapu. Mguu wa nyuma uliingia mpaka ndani, akashtuka, akautoa, na gitaa ikaja na mguu, halafu ikaanguka vipande vipande na nyuzi zikilia. Wa mbele wakanyamaza. Wa nyuma hawakuona, wakaendelea kucheka na kuimba, na hicho kicheko cha nyuma ndicho nakisikia mpaka leo, kwa sababu Solanji alikuwa amepiga magoti kwa nyasi anaokota mbao, na watu wanacheka.

Ikachukua muda mpaka wimbo ukafa, mmoja mmoja.

Nikapiga magoti na mimi. Sikuwa na Kiswahili, sikuwa hata na Kikuyu. Nikasema, "Mwalimu. Mwalimu wangu."

"Si kitu, mama," akasema. Lakini hakuniangalia. Alikuwa amepata ile shingo ya gitaa, imebaki nzima, ameishika. Halafu akaniangalia, na akasema kwa hiyo Kiswahili yake safi, "Maliza wimbo, tafadhali. Bila gitaa. Imba ya mwisho."

Kama angenitukana ingekuwa afadhali.

"Ya mwisho sijui," nikasema. "Kila siku nilikuwa nikifika hapo ndoo imejaa."

Watu wakasikia. Hakuna mtu alicheka sasa. Nilimwona akielewa, kwamba nilikuwa najifunza wimbo wa mama yake chini ya ng'ombe, na kwamba ule mwisho niliuacha. Akaangalia Kairu, maziwa bado yanadondoka, matiti yamejaa mpaka yanang'aa. Akasema, "Anaumia huyu. Mkame." Na aliposimama akaanza kuimba beti ya nne mwenyewe, peke yake, ameshika ile shingo ya mbao kwa kifua.

Mama Muthoni akaleta sufuria, ile ya chai. Nikakaa na blauzi yangu nyeupe mbele ya mwenyekiti na kanisa yote nikakama. Kairu aliachilia yote. Na sikiliza, nilitaka kumsikia, nilitaka kushika maneno, lakini maziwa ikipiga sufuria tupu inapiga kelele, na aibu pia iko na kelele yake, na macho yangu yalikuwa chini. Nilipoinua kichwa alikuwa amemaliza. Mashavu yake yalikuwa na maji. Baba Wanjiru, aliyekuwa amesimama nyuma yangu muda wote, akasema polepole, hata hakuwa na hasira, "Kumbe haikuwa nepia." Na wale wanaume waliochukua miche wakaangalia mbali.

Nilimwuliza Solanji nimfanyie nini. Bwana yangu mwenyewe alisema ataipeleka kwa fundi Nyeri mjini, na fundi akaangalia vipande akafunga mfuko. Solanji alikataa tumtafutie nyingine. Alisema ni mbao tu, na mimi nilikuwa nimemwona akiokota hizo mbao. Jumatatu alipanda basi ya asubuhi. Tulikuwa tumepanga kwenda stendi wote na kiondo na nyimbo, lakini hakuna mtu alijua aanzishe wimbo gani, tukasimama tu kama watu wanaongoja maji kisimani. Alinishika mikono. Akaniambia nisiache kusoma. Nilitaka kumwuliza maana ya ile beti, nilikuwa nimeshika swali kwa mdomo kutoka nyumbani, lakini niliona sina haki ya kuuliza, na basi ikaondoka.

Sijaacha kusoma. Bibilia nimeisoma yote, na sasa nasoma mara ya pili. Na nimeapa mbele ya Mungu vitu viwili, kwamba sitasema tena "kama macho yangu" juu ya kitu ya mtu, na kwamba mtu akinifundisha kitu na akaniambia mwisho ndiyo yenyewe, nitaanza na huo mwisho, hata kama majani chai inaoza shambani.

Lakini Kairu hajaapa. Nilijaribu kumwimbia za kanisa zote ninazojua, akanikazia maziwa. Sasa amezeeka, maziwa ni kidogo, na bado asubuhi lazima nimwimbie ya Solanji, na Baba Wanjiru akipita nje anajifanya hasikii. Naimba anafagia njia. Naimba mvua. Naimba barafu imefika mlangoni na mlango uko wazi. Halafu nanyamaza, na Kairu anageuza kichwa ananiangalia, anangoja, na mimi namwambia, mama, usiniulize, hata mimi sijui kama huyo mtoto alifika.